Ndiyo ya Mughwai

Asubuhi ile ndege mbili ziliponusurika kugongana juu ya Mgori, Felista alikuwa anatwanga uwele, na jambo la kwanza alilofanya ni kuinama. Ndivyo alivyosimulia mwenyewe baadaye, na watu wakamcheka, kwa sababu ndege zilikuwa mbali naye, kule mwisho wa kiwanja. Lakini mtu akisikia ngurumo ya namna ile haulizi umbali. Aliinama akakumbatia kinu, na alipoinua kichwa akaona ndege ya serikali imelalia bawa la kushoto, ndege ya daktari imelalia la kulia, na katikati yao pengo ambalo ungepitisha nyumba mbili za tembe, tatu ukizibana.

Zikapita. Hakuna aliyekufa wala aliyekwaruzwa. Ile ya serikali, iliyokuwa imeleta chanjo ya ng'ombe, ikaenda zake Singida na rubani wake Mazengo. Ile ya daktari ikazunguka kiwanja mara tatu kama kuku aliyefukuzwa kiotani, kisha ikatua, maana ilikuwa na kazi. Ilikuwa imekuja kumchukua Rahabu, binti wa mwenyekiti wa kijiji, aliyekuwa na uchungu wa kuzaa tangu juzi yake na mtoto hataki kutoka.

Felista akatupa mchi, akakimbilia kibanda cha redio. Mumewe, Mughwai, alikuwa amesimama mlangoni, kofia ya kazi kichwani, bendera nyeupe mkononi. Alikuwa akiitazama ile bendera.

"Baba Selina, umeumia?"

"Sijaumia."

"Basi kaa chini."

Hakukaa. Rubani wa ndege ya daktari, Mnorwe mrefu aliyeitwa Halvor, alikuwa anakuja mbio, uso umekuwa mwekundu mpaka masikioni. Huyu Halvor alikipenda Kiswahili. Alikisoma miaka miwili kwa vitabu, na popote alipotua alitaka asemeshwe kwa Kiswahili. Siku hiyo kilimtoka chote kwa mkupuo mmoja.

"Ulisema imeondoka! Nilikuuliza, ukasema imeondoka!"

"Mimi nilikwambia ipo," akasema Mughwai. "Nilikwambia ipo, nikajua utazunguka usubiri. Ndiyo maana nikampa Mazengo bendera aruke."

"Ulisema ndiyo!"

"Nilisema ndiyo, ipo."

Wakatazamana, kila mmoja akimwona mwenzake mwongo. Rahabu akapitishwa kati yao juu ya machela, anauma kanga, Felista amemshika mkono. Halvor akamfuata mgonjwa wake.

Sasa sikiliza yaliyosemwa hasa, maana walioyasema wenyewe walikwisha kuyachanganya kwa hofu. Halvor alipokuwa juu ya msitu wa Mgori aliuliza kwenye redio, "Ndege ya serikali haijaondoka?" Mughwai akaitazama ndege ya Mazengo imesimama palepale kwenye changarawe, akajibu, "Ndiyo." Basi. Hakuna neno jingine lililopita hewani.

*

Siku ya tatu ikaja simu ya maandishi kutoka kwa wakubwa wa mambo ya anga. Mughwai asiguse redio mpaka mkaguzi afike. Ikithibitika kwamba alimpa rubani taarifa ya uongo, atafukuzwa kazi, ataihama nyumba ya kiwanja, na huenda akapelekwa mahakamani. Mwenyekiti Gaspari ndiye aliyetumwa kuchukua ufunguo wa kibanda. Aliupokea kwa mikono miwili, kwa heshima zote, na heshima ile ilimuuma Mughwai kuliko kama angenyang'anywa.

Kazi yenyewe, kwa kweli, watu wa mjini wangeicheka. Kufukuza mbuzi kiwanjani. Kutazama upepo. Kuwasha redio iliyoendeshwa kwa betri ya lori, na kusema njia nyeupe au si nyeupe. Kanuni ilitaka Kiingereza, na Mughwai alikuwa nacho Kiingereza cha kazi, maneno kama thelathini aliyofundishwa Dodoma kwa miezi sita. Lakini marubani walikuwa wakimsemesha Kiswahili, naye alijibu alivyosemeshwa. Pale Mgori walimwita mwongoza ndege. Mama yake, bibi kizee aliyejua Kinyaturu na Kiswahili cha kununulia chumvi tu, aliwaambia wageni kwamba mwanawe ndiye anayeziambia ndege zishuke, na zisipomtii hazishuki.

Sasa alipelekwa shamba la kijiji akalime na wengine. Kulima si aibu, hata kidogo, na mwaka ule wa sabini na tano hakuna aliyethubutu kusema kulima ni aibu. Lakini alipokuwa akipita na jembe begani, watu walisimama kando ya njia wakanyoosha mikono kama mabawa.

"Ndugu Mughwai, nipite au nisipite?"

"Njia nyeupe, mzee? Maana na mimi nina mke na watoto."

Naye alicheka nao. Mnyaturu akitaniwa hanuni, akinuna ndiyo amekwisha. Alicheka mpaka akafika nyumbani, akaweka jembe, akakaa kwenye kigoda asimwambie mtu neno mpaka chakula.

Pale dukani kwa ushirika Felista alipanga foleni ya sukari tangu alfajiri. Alipofika mbele, mwuza duka akamwangalia mama aliyekuwa nyuma yake, akampimia yule kwanza.

"Nilikuwa mbele," akasema Felista.

"Ah, samahani mama, sikukuona. Siku hizi kutoonana kumezidi."

Foleni nzima ikacheka. Felista akapokea robo yake ya sukari, akaifunga kwenye ncha ya kanga, akaondoka akitembea polepole makusudi, wasije wakasema amekimbia. Alilia alipofika kwenye korongo. Alilia kidogo tu, akanawa, akaenda zake.

Jioni hiyo jua likiwa bado juu ya tembe, alikaa karibu na mumewe.

"Hebu niambie. Alikuuliza maneno gani, yale yenyewe?"

"Aliuliza kama ndege ipo."

"Sikuulizi maana. Nakuuliza maneno."

Mughwai akafumba macho. Akamwita yule Mnorwe kichwani, sauti yake ya puani na ule ukwaruzo wa redio. "Alisema... 'Ndege ya serikali haijaondoka?' Hivyo. Nikasema ndiyo."

"Na kweli ilikuwa haijaondoka."

"Ilikuwa haijaondoka."

"Sasa uongo uko wapi?"

Wote wawili wakautafuta, wasiuone. Bibi kizee naye akaelezwa kwa Kinyaturu, akafikiri, akasema mtu aliyeulizwa vile hata kwao hujibu vile. Pengine, akasema, yule mzungu ana nta masikioni.

*

Siku moja kabla ya mkaguzi kufika, Mzee Gaspari alikuja nyumbani. Felista alikuwa amekwenda kisimani. Mughwai alimpa shikamoo na kigoda, na mzee akakaa muda mrefu akizungusha kofia yake magotini.

"Rahabu amezaa," akasema.

"Tumesikia, mzee. Tumshukuru Mungu."

"Mtoto wa kiume. Walimpasua. Daktari amesema ingechelewa saa moja tu, tungewapoteza wote wawili." Akaiweka kofia chini. "Mwanangu, mimi sijui mambo ya redio. Lakini nimeulizia Singida. Wanasema pale pana makosa ya mtu mmoja kati ya wawili. Ikiwa ni wewe, watakuondoa wataleta mwingine. Ikiwa ni rubani, watamnyima kibali, na ndege ya daktari haitatua tena kwenye viwanja vya vijijini. Hapa, Sepuka, kote."

Mughwai akatazama upande wa kiwanja.

"Wewe ukikosa redio utalima. Sisi tukikosa ndege tutazika." Mzee aliyasema haya huku machozi yanamlengalenga, na aliona haya kuyasema, hilo lazima lielezwe. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa baba aliyetoka kumwona binti yake anapumua. "Sikulazimishi. Nakuomba."

"Nimekuelewa, mzee."

Gaspari alipokuwa akirudi alikutana na Felista njiani, ndoo kichwani. Akamsalimia kwa upole uliozidi kipimo. "Una mume muungwana, mama," akamwambia, akapita. Felista akasimama pale na ndoo yake, maji yanamdondokea shingoni, akijiuliza hayo yanatoka wapi. Nyumbani alimwuliza mumewe mzee alitaka nini. Mughwai akasema alikuja kutoa habari za mtoto wa Rahabu.

Ilikuwa kweli, na ilikuwa nusu.

*

Mkaguzi alifika saa tatu asubuhi kwa gari la serikali, amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi. Aliitwa Antipasi, kijana wa miaka kama thelathini na mitano, aliyesomea kazi yake ng'ambo, lakini mzaliwa wa Itigi, hapohapo mkoani. Aliwasalimia wazee shikamoo kama inavyotakiwa. Meza ikawekwa kivulini, ukutani kwa kibanda. Halvor alikuwa amekuja naye, akakaa mwisho wa benchi, mikono kati ya magoti. Gaspari alikaa upande mwingine kwa niaba ya kijiji. Mughwai alivaa shati la kazi lililopigwa pasi ya mkaa, na kofia akaiweka mezani mbele yake.

Felista alileta birika na vikombe, na sukari yote ya nyumba ndani ya bakuli.

"Chai baadaye mama, kazi kwanza," akasema Antipasi bila kutazama.

Felista akarudisha birika kwenye makaa, akakaa mlangoni pake, hatua sita kutoka mezani. Hakuna aliyemfukuza.

Fomu ilikuwa ya Kiingereza. Antipasi alilisoma swali kimyakimya, akaliuliza kwa Kiswahili, akasikiliza, akaandika jibu kwa Kiingereza. Alikwenda hivyo swali baada ya swali. Upepo ulikuwaje. Betri ilikuwaje. Bendera ilishikwa mkono gani. Saa nne ikapita, ikapita saa tano. Jua likahama likaanza kuwapiga miguuni, na mkaguzi akawa anajifuta uso kwa leso iliyokwisha kuwa nyekundu kwa vumbi.

"Ndugu Mughwai. Hukumwambia rubani kwamba ndege ya serikali imeondoka?"

"Ndiyo," akasema Mughwai.

Antipasi akaandika.

"Hukujua kwamba rubani anakuja kutua moja kwa moja?"

"Ndiyo."

Akaandika. Alipomaliza ukurasa akaugeuza, akasema, "Sasa nitakusomea maelezo yako kwa Kiswahili, ukiridhika utie sahihi." Akasoma. Maelezo yalisema kwamba Mughwai amekiri alimwambia rubani kuwa ndege imeondoka. Amekiri pia kwamba alijua rubani anakuja kutua moja kwa moja, na bado akatoa bendera.

Gaspari aliinamisha kichwa. Halvor alimtazama Mughwai kwa mshangao, kama mtu aliyekuwa anaanza kutilia shaka masikio yake mwenyewe na sasa anaambiwa yalikuwa sawa. Mughwai akaisogeza kofia yake kando. Kisha akanyoosha mkono kuomba kalamu.

"Baba Selina!"

Felista alikuwa amesimama. Kwa mara ya kwanza aliuona uso wa mumewe vizuri, na uso wa Gaspari, na akayaelewa maneno aliyoambiwa njiani na ndoo kichwani. Lakini alijua akianza na hilo ataangua kilio, na kilio hakiandikwi kwenye fomu. Akaanza na lile alilokuwa na hakika nalo.

"Bwana mkaguzi, samahani. Hakusema hivyo."

"Mama, maelezo ni yake."

"Umemuuliza, hukumwambia imeondoka. Akasema ndiyo. Ndiyo, hakumwambia. Wewe umeandika amemwambia."

Antipasi akashusha pumzi. Alikuwa amechoka, na njaa ilikuwa inamkwangua tumbo. "Mama yangu, hapa tunaandika ndiyo au hapana. Ndiyo ni ndiyo." Akarudi kwenye karatasi zake.

Felista akaenda kwenye makaa, akachukua birika kwa ncha ya kanga, akaja nalo mpaka mezani. Harufu ya majani na tangawizi ikamfikia kila mtu.

"Bwana hujanywa chai tangu ufike?" akauliza, taratibu, kama mke yeyote anavyomuuliza mgeni.

"Ndiyo," akasema Antipasi, macho yake kwenye fomu.

"Aa. Haya." Felista akageuka na birika lake, akaanza kurudi jikoni.

Mkaguzi akainua kichwa. Alitazama birika linakwenda. "Mama? Chai..."

"Umekwisha kunywa."

"Sijanywa!"

"Nimekuuliza hujanywa, umesema ndiyo. Ndiyo ni ndiyo. Nikiandika hapa nitaandika mgeni amekunywa, ameshiba."

Bibi kizee, aliyekuwa haelewi hata nusu, aliona tu mgeni ananyimwa chai, akaanza kumgombeza mkwewe kwa Kinyaturu. Hakuna aliyemsikiliza. Antipasi alikuwa amefungua mdomo na hakuufunga. Yule mtu wa ng'ambo alikuwa ameondoka usoni mwake, akabaki mtoto wa Itigi aliyefundishwa na mama yake kujibu hivyohivyo tangu anaota meno. Akairudia ile fomu. Akaweka kidole kwenye swali la kwanza, kisha la pili, midomo ikicheza.

Lakini wa kwanza kusema alikuwa Halvor.

"Mimi niliuliza 'haijaondoka'," akasema polepole. "Sikuuliza 'imeondoka'. Sasa nakumbuka. Kwetu, kama ndege haijaondoka, mtu anajibu hapana. Hapana, haijaondoka. Akisema ndiyo..." Akageuza kiganja juu, kikabaki hewani. "Na kwenu?"

"Kwetu tunajibu neno lako," akasema Mughwai. "Umesema haijaondoka. Umesema kweli. Nikakukubalia."

"Miaka miwili nimesoma Kiswahili," Halvor akasema. "Hakuna aliyeniambia."

"Kuuliza si ujinga, bwana," akasema Felista. Akarudi na birika, akammiminia mkaguzi mpaka ukingoni, vijiko vitatu vya sukari. Chai nyingine ikamwagikia fomu. Antipasi hakuifuta. Aliichana, akachukua nyingine kwenye mkoba, na akaanza upya kutoka swali la kwanza, akimtaka Mughwai aseme jibu zima.

Hawakumaliza mpaka saa tisa. Mughwai alipewa onyo la maandishi kwa kutoa bendera wakati ndege nyingine iko hewani, hata kama aliamini itasubiri, na onyo lile alilipokea bila kubisha kwa sababu lilikuwa la haki. Halvor naye alipewa lake. Kibali hakikuguswa. Na ikaandikwa kwamba Mgori kuanzia siku hiyo hakuna ndiyo wala hapana kwenye redio, mtu aseme jambo lenyewe.

Gaspari akatoa ufunguo mfukoni. Akamshika Mughwai mkono, akaushika na mkono wa pili juu yake, akakaa nao hivyo.

*

Gari lilipoondoka, Felista alirudi kwenye kinu chake. Alikuwa anatwanga kwa nguvu mno, uwele unaruka nje, kuku wanashangilia. Mughwai akaja na kofia mkononi, akasimama mbali kidogo. Mume anaijua sauti ya mchi wa mkewe.

"Mama Selina. Ahsante."

Mchi ukaendelea.

"Ungetia sahihi," akasema Felista hatimaye.

"Ningetia."

"Mimi na mama yako na mtoto tungekwenda wapi?"

"Sijui."

"Na jela je? Wangekufunga, na mimi ningekaa hapa nadhani una hatia. Maisha yangu yote nadhani umesema uongo. Uliwaza hilo?"

Mughwai hakuwa ameliwaza. Alimwambia hakuliwaza.

"Mzee alikuomba wewe. Wewe hukuniomba mimi." Sasa machozi yalikuwa yanamtoka wazi, na hakuyafuta, mikono ilikuwa kazini. "Nilikuuliza kwa mdomo wangu, mzee alitaka nini. Ukaniambia mtoto wa Rahabu."

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Mimi?"

"Niliogopa utanikataza. Na ukinikataza ningekusikiliza, najijua. Halafu siku moja mwanamke wa mtu afie pale kiwanjani tukimtazama."

Felista akasimamisha mchi. Alikaa nao wima hivyo, kifua kinapanda na kushuka. Hilo nalo lilikuwa neno. Alimjua Rahabu tangu ujana wao, alikuwa amemshika mkono juu ya ile machela.

"Pengine nisingekukataza," akasema. "Sijui. Lakini ningelia mapema. Ningefunga mizigo yangu mwenyewe nikijua kwa nini naifunga. Hukunipa hata hiyo nafasi."

"Nisamehe."

"Kukusamehe nimekusamehe pale ulipoomba kalamu, maana nilikuonea huruma. Nakuuliza jambo jingine." Alijifuta uso kwa bega. "Likija tena jambo la namna hii, hutaamua peke yako?"

Mughwai akafungua mdomo. Lile neno lilikuwa pale kwenye ulimi, fupi, jepesi, na wala mkewe asingekosa kulielewa. Akalimeza.

"Sitaamua peke yangu," akasema. "Nitakuja nikwambie yote, nikuulize, na nikusikilize."

Felista akayasikia maneno yote. Akamsogezea kigoda kwa mguu, akaendelea kutwanga.